Glasi Mbili Chini ya Tao

Mjomba wangu Settimio Proietti hapiti chini ya tao lolote bila kuinua macho kwanza. Awe anaingia kanisani, sokoni au kwa muuza nyama, atasimama mlangoni, atayatazama mawe ya juu moja moja, ndipo atie mguu ndani. Mama yangu, ambaye ni dada yake mdogo, amechoka kumvuta mkono.

"Settimio, kuna watu nyuma yako."

"Wasubiri. Aliyejenga hapa simjui."

Tangu nipate akili, matao ya mtu mmoja tu ndiyo aliyoyapita akiwa ameinamisha kichwa, akiwasha sigara, akiongea mambo mengine. Yalikuwa matao ya Fulgenzio Mariottini, kumpare wake. Fulgenzio ndiye aliyemshika binti wa mjomba, Domitilla, kwenye maji ya ubatizo, na kwetu Vallerocca mtu wa namna hiyo huwekwa juu ya ndugu, kwa sababu ndugu umepewa tu, kumpare umemchagua mwenyewe. Siku hizi mjomba anainua macho hata kwa matao ya Fulgenzio. Naandika ili ijulikane kwa nini, maana kijijini kuna watu ambao tayari wameanza kuisimulia habari hii kwa kuigeuza.

Mjomba alizaliwa katika nyumba ambayo kizingiti chake ni kipande cha nguzo ya kale kilicholazwa, kimelika katikati kwa visigino vya watu mpaka kimekuwa kama bakuli. Kwetu hilo si ajabu. Zizi la jirani lina jiwe lenye maandishi ya Kilatini lililowekwa kichwa chini, na ng'ombe hujikuna mgongo papo hapo. Alipokuwa kijana alishuka Roma kama wenzake, akamwaga zege kwenye maghorofa ya pembezoni mwa jiji, kisha akarudi akisema kwamba kule hawajengi, wanapanga masanduku. Baba yake alikuwa fundi wa matao. Akamfundisha yeye na Fulgenzio pamoja, kwa mwiko mmoja na matusi yale yale. Wakajenga mahandaki ya divai, majiko ya mikate, na baraza ya kanisa baada ya tetemeko. Mmoja alipooa, mwingine alibeba meza. Mke wa mjomba, Elvira, alipokufa, Fulgenzio ndiye aliyejenga kaburi, na hakumruhusu mjomba hata kusogeza ndoo.

Tao hujengwa na watu wawili. Kila fundi huanzia upande wake: huchimba msingi wake mpaka mwamba, hupandisha mawe yake juu ya fremu ya mbao, na hukutana na mwenzake katikati, kwenye lile jiwe la mwisho linalofunga. Katika muda wote huo hakuna fundi anayevuka kwenda kutazama msingi wa mwenzake. Kufanya hivyo ni kumwita mwizi mbele ya watu. Halafu huja siku ya kushusha mbao. Mafundi wote wawili husimama chini ya tao, kila mmoja na glasi ya divai mkononi, na vibarua hugonga kabari mpaka fremu ishuke. Tao likisimama, wanakunywa. Lisiposimama, hakuna atakayeulizwa swali.

Nilipokuwa chuoni nikisoma historia, nilimuuliza mwalimu wangu kama Warumi wa kale nao walifanya hivyo. Akasema hakuna ushahidi. Nilimletea mjomba jibu hilo, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwambie aje na glasi yake," alisema.

Daraja letu la bondeni lilikuwa la Warumi hao hao. Tao moja, mawe ya kijivu, halina mapambo yoyote. Lilivusha majeshi, kondoo, maaskofu, vifaru vya Wajerumani, na trekta la Fulgenzio lenye tairi lililopasuka. Majira ya baridi ya mwaka ule mto ulifurika kwa siku kadhaa, ukala kingo zote mbili, na asubuhi moja tukaamka hatuna daraja. Ng'ambo ya mto iko mizeituni yetu na yako makaburi. Tangu siku hiyo, mtu akitaka kumpelekea maiti wake maua ilibidi azunguke kwa barabara kuu na kupoteza nusu ya asubuhi. Mjomba alikuwa akienda kwa Elvira kila Jumapili. Alizunguka mara chache, kisha goti likamkatalia. Akawa anasimama kwenye ukingo huu na kofia mkononi, akitazama misonobari ya makaburini kwa mbali.

"Nikilisimamisha hili, naweka nyundo chini," aliniambia. "Sitaki kingine."

Kazi ikaja kupitia kwa Mheshimiwa Aurelio Spadaccia, meya wetu. Kila kitu Vallerocca huja kupitia kwa Spadaccia. Kila Jumatatu, jua likiwa halijapanda, watu hupanga foleni mbele ya mlango wake: huyu na mayai, huyu na chupa ya mafuta ya zeituni ya kwanza, huyu na kofia tu. Mmoja anataka mtoto wake apate kitanda hospitalini, mwingine anataka leseni, mwingine hataki kitu, amekuja kuonekana ili siku atakayotaka kitu akumbukwe. Spadaccia hutoka na taulo shingoni, anawaita kwa majina, anashika mabega. Uchaguzi ukifika, foleni ile ile hugeuka kuwa kura. Nilipofungua vitabu chuoni nikasoma jinsi wanyonge wa Roma ya kale walivyokuwa wakipanga foleni alfajiri mlangoni kwa mkubwa wao, wamsalimu, wapewe kikapu cha chakula, kisha wamfuate kutwa nzima wakimpigia makofi barazani, nililazimika kufunga kitabu. Hatujabadili hata saa. Tunajisifu kwa watalii kwamba tumerithi barabara na madaraja. Tulichorithi kikiwa kizima, bila jiwe hata moja kuanguka, ni ile foleni.

Mjomba hakupanga foleni maishani mwake, nami nilipomaliza chuo nilikataa pia, ndiyo maana shahada yangu ilinipeleka moja kwa moja kuchanganya chokaa kwenye kazi yake. Fulgenzio alikuwa akienda. Alikuwa na mtoto mmoja, Manlio, mtu mzima mwenye mke mjamzito na asiye na kazi, na walikuwa wakimtafutia nafasi ya ulinzi kwenye jumba la makumbusho la mkoa.

"Kumpare, leo umempelekea nini bwana wako?" mjomba alimtania Jumatatu moja.

"Jibini."

"Ya kondoo?"

"Ya kondoo."

"Basi Manlio atalinda zizi. Kwa makumbusho inatakiwa ile ghali, ya nyati."

Fulgenzio alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha kutoka tumboni, na mimi nilimpenda. Hilo nalisema pia.

Tulianza kuchimba majira ya kuchipua. Ukingo wa huku ni wa mjomba, ukingo wa makaburini ni wa Fulgenzio. Spadaccia alishuka siku ya kwanza na viatu vyake vya ngozi akasema daraja lifunguliwe siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu, mwezi wa tisa. Uchaguzi ulikuwa unafuata baada ya hapo.

"Litafunguliwa likiwa tayari," alisema mjomba.

"Litakuwa tayari, mzee wangu, kwa sababu nina imani na ninyi wawili," alisema Spadaccia, na akayasema hayo akimtazama Fulgenzio.

Upande wetu tuliukuta mwamba mapema. Mjomba alishuka shimoni akaupiga nyundo, akausikiliza mlio, akaupiga pengine, ndipo akaturuhusu kujenga. Ng'ambo niliona maji. Kila asubuhi vibarua wa Fulgenzio walikuwa wakichota ndoo baada ya ndoo, na yeye amesimama ukingoni mwa shimo, mikono kiunoni. Halafu asubuhi moja wakaacha kuchota, na mawe ya kwanza yakaanza kuwekwa. Nikamwambia mjomba.

"Mbona wamejenga haraka? Jana kulikuwa na maji hapo. Vuka ukaangalie."

Alikuwa amepiga magoti akisawazisha jiwe. Hakuinuka.

"Nivuke nikamkague kumpare?"

"Si kumkagua. Kuangalia tu."

"Ulipokuwa na homa ya mapafu, mdogo hivi, nani alikubeba mpaka kwa daktari kwenye theluji? Mimi siku hiyo nilikuwa nimekwenda Roma. Nani?"

"Fulgenzio."

"Uliangalia miguu yake kama inafika chini?"

Nikarudi kwenye chokaa yangu. Injinia wa mkoa alikuja mara moja, akapiga picha akiwa juu barabarani, akala maharage mabichi na jibini pamoja nasi, akaondoka. Mawe yakapanda pande zote mbili. Siku waliyoweka jiwe la kufunga, wazee wale wawili walilishika pamoja, huyu huku na yule kule, wakaligonga kwa zamu, na Fulgenzio akalia. Tulidhani ni uzee.

Sikukuu ikafika. Sanamu ya mtakatifu ilishushwa bondeni mabegani mwa wanaume, matarumbeta yakaifuata, na nyuma yake nguruwe mzima wa kuokwa kwenye mkokoteni, ambaye kusema kweli ndiye aliyevuta watu wengi zaidi. Spadaccia alivaa mshipi wake wa umeya wa rangi tatu begani. Kwenye ukuta wa daraja tayari kulikuwa na bamba la marumaru limefunikwa kitambaa, na kila mtu alijua jina lililo chini yake. Daraja la zamani nalo lilikuwa na bamba, la mkubwa fulani wa enzi za makaizari. Jina la fundi halikuwepo hata kule.

Mjomba alikuwa amevaa suti aliyomzikia Elvira. Aliteremka taratibu mpaka chini ya tao, kwenye kokoto kavu kando ya maji, akaweka glasi mbili juu ya jiwe, akamimina divai. Quirino, kibarua wetu, alishika nyundo ya mbao tayari kwa kabari. Bendi ikanyamaza.

"Kumpare," mjomba aliita. "Divai inapata joto."

Fulgenzio alikuwa juu, kwenye ukingo wa makaburini, pembeni ya Manlio. Hakusogea.

"Anza tu, Settimio. Goti langu leo halinitaki."

Watu wakacheka. Mtu mmoja akasema, "Goti la Fulgenzio linasubiri nguruwe." Mwingine akasema, "Mbebeni, ni bwana harusi huyo." Vijana wawili wakamwendea kweli kumkamata mikono, na yeye akawasukuma, si kwa utani. Mmoja nusura aanguke. Kicheko kikakatika vipande vipande, huku kimekwisha, kule bado.

Mjomba alimtazama. Kutoka pale chini aliona uso wa mwenzake juu dhidi ya anga. Sijui aliona nini hasa, lakini niliona alichofanya baadaye: aliinua macho. Kwa mara ya kwanza alilitazama tao lile, upande wa ng'ambo, jiwe moja moja, kama anavyotazama mlango wa muuza nyama.

"Kumpare," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, lakini bonde lile hubeba sauti. "Goti lako ni lipi?"

Fulgenzio akagusa la kulia. Siku yote ile na wiki nzima kabla yake alikuwa akichechemea, akichechemea kabisa, kwa mguu wa kushoto.

"Quirino," alisema mjomba, "weka nyundo chini. Mbao hazishuki."

Ndipo kelele zilipoanza. Spadaccia aliteremka nusu ya njia, mshipi umemlegea.

"Mzee, una nini? Watu wote hawa."

"Mbao hazishuki."

"Lakini tao limekwisha, kila mtu analiona."

"Basi shuka usimame hapa. Glasi ipo, nimekwisha mimina."

Spadaccia aliitazama glasi, akatazama juu, akapanda alikotoka. Na hapo watu wangu, watu wa Vallerocca, ambao babu zao wote walijua maana ya fundi kutosimama chini ya tao lake, walifanya nini? Walimgeukia mjomba. "Amezeeka." "Anaogopa kazi ya mikono yake mwenyewe." "Ametuharibia sikukuu." Kinyozi, ambaye mjomba alimjengea jiko bila kutaka chochote, alipaza sauti: "Settimio, kama unaogopa giza tukuletee mshumaa?" Nilimtazama Fulgenzio, nikingoja aseme neno moja. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Spadaccia alikata utepe hivyo hivyo, mbao zikiwa bado zimelishikilia tao. Akafunua bamba. Akahutubia kwamba sisi ni wana wa watu waliojenga kwa ajili ya milele, kwamba damu ya Roma haijakauka katika mishipa yetu. Walipiga makofi, hata wale waliosimama karibu naye na kusikia mbao zikilia chini ya miguu yao. Nilikuwa miongoni mwa wasiopiga, na tungetosha kwenye meza moja.

Kesho yake kulipopambazuka mjomba alivuka kwa miguu ndani ya maji, mtaimbo begani, akaanza kufukua msingi wa Fulgenzio. Nilimfuata na koleo. Tulitoa udongo, tukatoa kifusi, tukafika chini ya jiwe la mwisho. Mjomba akapiga mtaimbo. Haukulia. Ulizama. Akauchomoa, ncha imejaa changarawe na matope, akauchomeka pengine, ukazama tena. Aliendelea kuchomeka, mahali baada ya mahali, hata baada ya kuwa amejua, kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.

Fulgenzio alikuja jua likiwa limepanda. Alitembea vizuri kwa miguu yote miwili. Akakaa ukingoni mwa shimo.

"Umechimba sana, kumpare."

"Sijafika."

"Hutafika. Mwamba wa upande huu uko chini kuliko nilivyodhani. Nikichota maji, yanarudi. Ilitakiwa majira mengine mazima."

"Ungeniita."

"Ningekuita ungejua."

"Ndiyo maana watu huitana."

Fulgenzio aliokota kokoto akaizungusha kiganjani. "Spadaccia alinipa neno lake. Daraja kwa sikukuu, Manlio kazini mwezi wa kumi. Mtoto wake anazaliwa mwezi wa kumi, Settimio. Nilikuwa nimepanga ile foleni tangu Manlio yuko shule."

"Ningemlisha mimi huyo mtoto."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

Mjomba alipanguza mtaimbo kwa nyasi, taratibu, mpaka ukawa safi.

"Lingesimama," alisema Fulgenzio. "Lingesimama miaka mingi. Mimi na wewe tungekuwa tumeshalala kule makaburini."

"Na waliotubeba wangepita wapi?"

Fulgenzio akaitupa ile kokoto mtoni.

"Jana ulinitazama niko chini, kumpare. Nimemimina divai. Ungeniacha?"

"Nilijua halitaanguka jana."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi mbona hukushuka?"

Nimewahi kuona watu wakipigwa. Sijaona mtu aliyepigwa kama Fulgenzio alivyopigwa na maneno yale, na mjomba hakuwa ameinua hata mkono. Akainuka, akapanda njia ya makaburini, na tangu hapo sikumsikia tena akicheka.

Mimi nilikuwa nimewaka. Nilitaka kupanda kijijini, nisimame mbele ya foleni ya Jumatatu na kuwaambia kila kitu. Jumatatu ilipofika nilipanda kweli, nikawaambia. Mwanamke mmoja mwenye trei ya mayai aliniambia, "Mwanangu, sogea, unaniharibia zamu yangu." Spadaccia alitoka na taulo yake, akanishika bega, akasema vijana wenye elimu wanahitajika sana, na nipite siku yoyote tuone kama kuna nafasi. Alitaka kuninunua papo hapo, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeona ajabu. Niliutoa mkono wake begani nikarudi mtoni.

Nilimkuta mjomba juu ya daraja, amepiga magoti, anang'oa jiwe la kufunga.

"Mjomba, upande wako ni mzima. Ng'oa wake tu."

"Hakuna kitu kinachoitwa nusu ya tao," alisema. "Nikitoa yake, yangu itaegemea wapi?"

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Msingi mmoja mbaya wa rafiki ulimlazimisha kushusha mawe yake yote mazuri. Spadaccia alituma watu kumwambia aache, lakini sheria ya kazi hii ni ya zamani kuliko Spadaccia: mpaka mbao zishuke, daraja ni la fundi, na hakuna kibarua katika bonde zima ambaye angegusa kabari zile bila Settimio kusimama chini. Kwa hiyo walimwacha, wakamsema. Alishusha mawe kwa mpangilio, akayapanga nyasini kama familia inayopigwa picha. Quirino alibaki nasi. Wengine waliona haya kuonekana.

Manlio alipata kazi yake mwezi wa kumi. Analinda vyungu vya Warumi.

Tulijenga tena. Mjomba alikataa kutafuta fundi wa pili. Nadhani hakuwa na uwezo wa kumchagua mtu mwingine. Alianza na upande wa makaburini. Tulichimba majira ya baridi yote, tukazuia maji kwa magogo na udongo wa mfinyanzi, na alipokuwa akikohoa sana nilimtoa shimoni kwa nguvu. Siku moja nyundo yake ililia. Alipiga tena, ikalia tena. Akanikabidhi nyundo nami nipige, nikapiga. Kisha akaweka kiganja juu ya mwamba ule kama unavyoweka juu ya kichwa cha mtoto.

Domitilla, binti yake, aliendelea kwenda kwa Fulgenzio siku za Pasaka na mkate wa jibini. Mjomba alijua. Siku moja mama yangu alimfokea mbele ya mjomba, na Domitilla akajibu, "Alinishika kwenye maji, shangazi. Nimrudishe wapi?" Mjomba alitoka nje akavuta sigara. Hakumkataza.

Mbao zilishuka mwisho wa kiangazi, siku ya kawaida ya kazi. Hapakuwa na bendi wala mshipi. Walikuwepo mama, Domitilla, Quirino, kinyozi aliyejidai anapita tu, na mimi. Mjomba alishuka chini ya tao na chupa. Akatoa mfukoni glasi mbili. Nadhani mikono ilizichukua zenyewe kabatini, kama ilivyozoea, maana alizitazama kwa mshangao. Akazijaza zote mbili.

Kule juu, kwenye njia ya makaburini, alitokea Fulgenzio. Alikuwa amevua kofia.

"Kumpare," aliita. "Nishuke?"

Mjomba aliinua macho. Alilitazama tao lake upande huu, akalitazama upande ule, mawe yote, bila haraka. Halafu akamtazama yeye.

"Hakuna upande wako hapa," alisema. "Quirino, gonga."

Quirino aligonga. Fremu ilishuka kwa mlio wa mbao kavu. Tao lilitulia kidogo, unene wa ukucha, kama kila tao linavyofanya likibeba uzito wake kwa mara ya kwanza, na vumbi la chokaa likamwangukia mjomba mabegani. Kisha likasimama. Alikunywa glasi yake. Ile ya pili aliishika kwa muda mrefu mpaka nikadhani ataimimina mtoni, lakini aliirudisha juu ya jiwe ikiwa imejaa, akaiacha.

Jumapili iliyofuata alivuka na maua ya Elvira. Bamba la Spadaccia bado liko pale. Alilirudisha ukutani yeye mwenyewe, kwa sababu, anasema, ukuta bila bamba ungekuwa na shimo. Watu wa Vallerocca wanavuka kila siku na matrekta yao na maiti zao, na Jumatatu wanapanga foleni. Fulgenzio ana mizeituni ng'ambo, mingi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Huiendea kwa kuzunguka barabara kuu. Mjomba humwona kwa mbali, kofia nyeusi nyuma ya usukani, anapoteza nusu ya asubuhi ili asipite juu ya jiwe la Settimio.

"Anaogopa litaanguka," nilisema mara ya kwanza tulipomwona, kwa hasira.

"Hapana," alisema mjomba. "Anajua halitaanguka. Ndiyo maana hapiti."